UZI: Watoto wa S3 wananiuliza kama federo ingeiokoa Kilembe, nisaidieni kabla ya Jumatatu

Mwalimu_wa_Mlimani
Wakubwa shikamoo, wenzangu habari za jioni. Mimi nafundisha historia na jiografia sekondari moja huku Kasese, magharibi mwa Uganda, na hao S3 ni kidato cha tatu. Si mnajua huu mtaala mpya ulioanza 2020, huwezi tena kuingia darasani na noti zako za zamani ukawajazia ubao wao wanakopi wewe unatafuta soda, watoto wanatumwa wakachunguze wenyewe alafu wanarudi kubishana. Sasa nina mada ya rasilimali na maendeleo, na nyingine ya mifumo ya serikali, nikasema ngoja niziunganishe, nikawatuma wakaulize wazee wao habari za shaba ya Kilembe.

Wamerudi nayo yote. Mgodi ulianza kutoa shaba 1956, reli ikafika Kasese mwaka huohuo kwa ajili yake, shaba ikapakiwa kwenda kuyeyushwa Jinja kwa sababu umeme wa Owen Falls ulikuwa umeshafunguliwa 1954. Mwanzoni mwa miaka ya 80 uzalishaji ukasimama. Yakabaki yale malundo ya mabaki, baadaye wakaja wengine wakachuja kobalti humo, nayo ikaisha. Reli imeota majani. Mto Nyamwamba ukafurika 2013 na tena 2020, ukapiga hadi hospitali ya Kilembe.

Alafu msichana mmoja ananiuliza, mwalimu, kama tungekuwa na federo, yaani mikoa yenye serikali na mamlaka yake, hiyo hela si ingebaki huku? Darasa lote kimya linaningoja. Nikasema tutajibu Jumatatu. Haya, nisaidieni, lakini mtu asiniletee siasa za uchaguzi.

Kyaddondo_Halisi
Jibu ni fupi mwalimu. INGEBAKI. Kaandike hivyo ubaoni.

Wakati wa uhuru 9 Oktoba 1962 Buganda ilikuwa na federo kamili. Lukiiko yake yaani bunge, Katikkiro yaani waziri mkuu wake na mawaziri, mahakama zake, hata wabunge 21 wa Buganda walichaguliwa na Lukiiko wenyewe. Shule na zahanati zilisimamiwa Mengo, makao ya serikali ya Buganda, hukuwa unapanda gari kwenda kuomba saini ya karani wa wizara. 1966 Waziri Mkuu Obote akaivunja katiba, 1967 akaleta katiba mpya falme zote zikafutwa, na tangu hapo kila shilingi inaingia Kampala kwanza kabla haijajua inakwenda wapi. Tulirudishiwa ufalme 1993, sawa, lakini bila meno. Mfalme haruhusiwi hata kukutoza kodi. Ebyaffe, yaani mali na haki zetu, bado hatujazipata zote.

Mzee_wa_Bombo
Kijana umesema kweli nusu, sasa ngoja nikuongezee nusu nyingine. Mimi ni Mnubi, baba yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza, 1966 nilikuwa na akili zangu.

Hiyo katiba ya 62 haikuwapa watu wote federo. Federo kamili ilikuwa ya Buganda peke yake. Ankole, Bunyoro, Toro na Busoga walipewa nusu. Wengine wote, Acholi, Lango, West Nile, Teso, Bugisu, Bukedi, Kigezi, Sebei, Karamoja, walikuwa wilaya tu, wanasikiliza serikali kuu Entebbe inasema nini. Sasa mtu wa Arua ukimwambia turudishe ile federo ya zamani anakuuliza, irudi kwa nani?

Na ugomvi haukuanzia Lubiri 24 Mei 1966 ile siku Amin aliingiza askari kwenye ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Ulianza kwenye ardhi. Zile kaunti za Buyaga na Bugangaizi, Waingereza walizitoa Bunyoro wakawapa Buganda kama zawadi ya vita. Novemba 1964 watu wakapigishwa kura, na hata pamoja na wale maveterani waliohamishiwa Ndaiga ili waongeze kura za Buganda, wenye nchi yao walichagua kurudi Bunyoro. Kabaka wakati huo ndiye Rais wa Uganda. Fikiria, Rais anatakiwa atie saini ya kupunguza eneo la Kabaka na wote wawili ni mtu mmoja! Pale ndipo mambo yaliharibika, mengine ni moshi tu.

Kyaddondo_Halisi
Mzee nakuheshimu lakini hiyo ni kasoro ya jinsi ilivyogawiwa, siyo kasoro ya federo. Leo hatuombi ya Buganda tu, tunaomba kwa kila mkoa.

Mwalimu_wa_Mlimani
Hapo mzee ndo umenigusa, maana watoto wangu wengi ni Wakonzo, watu wa mlimani huku. Wakati ule Kasese haikuwa wilaya, ilikuwa ndani ya Toro. Na Toro ndiyo ilikuwa na nusu-federo. Sasa shaba iko Kilembe, ikulu iko Fort Portal. Wakonzo na Waamba wakaomba wilaya yao wakakataliwa, 1962 kabla hata ya bendera ya uhuru kupanda, Isaya Mukirane na wenzake wakatangaza serikali yao ya Rwenzururu mlimani. Miaka ishirini mpaka 1982 ndipo wakakubaliana na serikali wakashuka.

Kwa hiyo yule msichana akiniuliza hela ingebaki "huku", mimi namuuliza huku ni wapi? Maana kwa ramani ya 1962 "huku" ni Fort Portal, na babu yake ndiye alikuwa mlimani akipinga hiyohiyo Fort Portal. Kyaddondo hapo unasemaje?

Kyaddondo_Halisi
Nasema Kasese ingepewa mkoa wake. Mbona rahisi.

Mhasibu_wa_Wilaya
Mbona rahisi, eti. Ndugu yangu Kyaddondo hiyo ya "wapewe ya kwao" tumeifanya tangu 1986 na mimi nakula mshahara humo. Nchi ilikuwa na wilaya 33. Saa hii tumepita 130, na majiji juu yake. Kila watu wakilalamika wanapewa wilaya, wanapiga ngoma, LC5, mwenyekiti wa wilaya, anapata gari, alafu mwaka wa kwanza wa bajeti ndo wanagundua walichopewa ni ofisi na mhuri.

Mwalimu wewe waache watoto na hilo jina la federo kidogo, wafundishe kusoma bajeti ya wilaya. Iko ubaoni pale sabkaunti, inatakiwa kubandikwa. Waambie watafute vitu viwili tu, hela tuliyokusanya wenyewe ni kiasi gani na hela iliyotoka wizara ya fedha ni kiasi gani. Watashtuka. Sehemu kubwa mno inatoka juu, na inakuja na jina lake kabisa, hii ni mishahara ya walimu wa msingi, hii kituo cha afya, hii barabara za sabkaunti. Sisi ni kama mtoto aliyetumwa dukani na hela kamili, chumvi nusu kilo na sabuni kipande kimoja, hata kama njiani ameona mafuta ya taa yameisha nyumbani hana ruhusa.

Haikuwa hivi mwanzo. Ugatuzi ulipoanza 1993 na ile sheria ya serikali za mitaa ya 1997 wilaya zilikuwa na ile kodi ya kichwa, graduated tax. Watu waliichukia, na kweli ilikuwa mbaya, wanaume walikuwa wanalala msituni wakisikia askari wa sabkaunti wanakuja. Lakini ilikuwa yetu. Diwani akila, watu walikuwa wanamfuata nyumbani wanamuuliza, hela yangu umepeleka wapi? Ikafutwa 2005, uchaguzi unakuja 2006, wote mnajua. Mwaka huohuo katiba ikabadilishwa, CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, ambaye alikuwa anaajiriwa na wilaya akawa anateuliwa na kupangiwa kituo kutoka Kampala. Fikiria mambo mawili yanatoka mwaka mmoja, mfuko wa hela na mtu anayeshika ufunguo. Kodi ya huduma na ya hoteli waliyotuletea 2008 haijafika hata nusu ya kuziba lile shimo, sisi kwetu hoteli zenyewe ziko mbili na moja inafungwa mvua ikinyesha.

Kwa hiyo kwenye karatasi tuna ugatuzi ambao wageni wanakuja kuusoma, ndani yake hamna kitu.

Akiiki_wa_Hoima
Mhasibu asante, umesema bila kuzunguka. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Hoima, wa kwanza yuko S3 kama hao wa mwalimu, kwa hiyo hii maneno inaniingia nyumbani kabisa.

Mnaongea shaba iliyokwisha, sisi tunaongea mafuta ambayo bado yako chini. Yalithibitishwa 2006. Wanasema kuna mapipa bilioni 6.5 chini ya Ziwa Albert na pembeni yake, yanayoweza kutolewa kama bilioni 1.4. Buliisa ni mradi wa Tilenga wa TotalEnergies, Kikuube ni mradi wa Kingfisher wa CNOOC, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale kwetu hadi Chongoleani Tanga, linapashwa moto njia nzima kwa sababu mafuta yetu yanaganda yakipoa.

Sasa swali la mtoto, yetu ni ipi? Nilimsomea mwanangu katiba kifungu cha 244. Madini na mafuta yote ni ya serikali kwa niaba ya nchi. Ardhi ni ya mwananchi, sawa, lakini kilicho chini ya mihogo yako siyo chako. Alafu sheria ya fedha za umma ya 2015 inasema mrabaha wa mafuta, serikali kuu inabaki na asilimia 94. Sita ndo inakwenda serikali za mitaa zilizo kwenye eneo la mafuta, na hiyo sita siyo ya kwenye visima peke yake, nusu inagawanywa kulingana na uzalishaji, nusu nyingine inaangalia idadi ya watu na ukubwa wa eneo. Ufalme unakatiwa asilimia moja kutoka kwenye fungu la serikali kuu.

Na sisemi sijaona chochote. Lami tumepata, nzuri, zamani kwenda ziwani ilikuwa siku nzima na vumbi la kufukia kaburi. Uwanja wa ndege wa Kabaale upo. Lakini kodi ya chumba kimoja mjini imepanda mpaka mwalimu anaishi kijijini anakuja na boda. Familia yetu upande wa mume tulipimiwa shamba, tukaambiwa tusipande mazao ya kudumu tena mpaka fidia itoke, na kungoja kulikuwa kurefu hadi migomba ikazeeka na bei ya ardhi tuliyotaka kununua ikatukimbia. Hapo hakuna wa kumuuliza, wilaya inasema haihusiki.

Jr_Mkonzo256
Mwalimu mimi ni mmoja wa wale wa S3 😂 nimeuona uzi. Swali, yote haya yatatoka kwenye mtihani wa taifa wa UNEB? Ni ndefu sana tafadhali

Mwalimu_wa_Mlimani
@Jr_Mkonzo256 saa hizi unafanya nini na simu ya baba yako. Asilimia 20 ya matokeo yako inatoka kwenye hizi kazi za darasani, kwa hiyo ndiyo, yatatoka, yanatoka hivi sasa unavyosoma. Nenda kalale.

Soko_la_Busia
Mimi mfanyabiashara wa mitumba na mahindi, si msomi, lakini navuka mpaka kila wiki kwa hiyo niwape ya jirani. Kenya katiba ya 2010 iliwapa kaunti 47. Wanasema siyo federo lakini gavana anachaguliwa na watu, ana bajeti, ana bunge lake la kaunti, na katiba imeandika kabisa kwamba kaunti zote pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. IMEANDIKWA. Siyo hisani ya waziri. Na mafuta yao ya Turkana sheria yao ya 2019 imesema kaunti 20, jamii ya pale 5, serikali kuu 75. Linganisha na ile sita ya dada Akiiki.

Ila msikimbilie kuhamia. Upande ule nalipa ushuru wa kaunti nikishusha mzigo, nikienda kaunti ya pili nalipa tena, kila daraja mtu wa kaunti na risiti. Hela ya kutoka Nairobi ikichelewa, manesi wanagoma, nimeshaona hospitali ya kaunti getini kumefungwa mama mjamzito anapakiwa kwenye boda anarudishwa upande wetu. Kila mwaka maseneta na wabunge wanapigana kwa miezi juu ya mgao. Kwa hiyo kuna meno, lakini wanaumana nayo pia.

Kyaddondo_Halisi
Bado ni bora kuumana kuliko kuwa bila meno banange! Angalieni Nigeria, majimbo 36, na katiba yao ya 1999 inasema asilimia 13 angalau ya mapato ya mafuta yarudi kwenye majimbo yanayotoa. 13! Sisi tunabembeleza 6.

Mzee_wa_Bombo
Nigeria usiitaje kijana kama hujaitazama delta ya Niger yenyewe, huko mafuta yanakotoka. Mafuta Oloibiri yalipatikana 1956, mwaka uleule Kilembe ilianza shaba, nenda kaulize Oloibiri leo ina nini. Maji yana mafuta juu, samaki hamna. Hiyo 13 inapita kwa gavana na wengi wao wameishia mahakamani. Na kila mwisho wa mwezi majimbo yote, yenye mafuta na yasiyo na mafuta, yanakaa Abuja kugawana mfuko mmoja, hayo mengi hayana habari ya kukusanya kodi yao wenyewe. Mhasibu aliposema watu walikuwa wanamfuata diwani nyumbani kwa hela yao, ndiyo hiyo kule imekosekana. Hela ya mafuta haimwumi mtu akiibiwa kwa sababu haikutoka mfukoni mwake.

Nilisoma_Pune
Niingie kidogo, nilisoma uchumi India na watoto wa sekondari kule wanasoma mada hizi tatu kwenye somo moja kabisa, rasilimali, shirikisho, maendeleo, kwa hiyo mwalimu hujakosea kuziunganisha.

India ni mfano mtamu kwa swali la Kilembe. Ni shirikisho, majimbo yana serikali zao, 1956 mipaka ikachorwa upya kwa kufuata lugha. Upande wa mashariki, Bihar ya zamani, ndiko kuna makaa ya mawe na chuma. Ungetegemea viwanda vyote vihamie pale, si ndiyo? Sasa Delhi miaka ya 50 ikaleta sera ya kusawazisha nauli, yaani serikali kuu inafidia gharama ya kusafirisha chuma, makaa na saruji ili bei iwe sawa nchi nzima. Nia nzuri, kila mkoa upate viwanda. Kilichotokea, mwenye kiwanda akajiuliza kwa nini niende Bihar wakati chuma cha Bihar nakipata Bombay kwa bei ileile na bandari ninayo? Sera ikakaa mpaka 1993. Jimbo lilikuwa na serikali yake, bunge lake, bendera za vyama vyake, na mgodi chini ya miguu yake, na bado faida kubwa iliondoka kwa uamuzi mmoja wa Delhi. 2000 ile sehemu yenye madini ikakatwa ikawa jimbo lake, Jharkhand, na bado ni kati ya majimbo maskini.

Alafu Kerala kusini. Haina madini ya maana, ina nazi, mpira, na watu wanaokwenda Ghuba kufanya kazi. Sensa ya 2011 wanaojua kusoma Kerala walikuwa asilimia 94, Bihar 62, taifa zima 74. Shirikisho moja, katiba moja. Tofauti ni kwamba Kerala kwa miaka mingi sana, kuanzia hata kabla ya uhuru, watu waliwabana watawala wao juu ya shule na zahanati, na hela iliyopatikana ikaenda huko.

Kwa hiyo mfumo mmoja ulitoa matokeo mawili, na mwenye madini ndiye alibaki nyuma. Mimi ningewapa watoto hilo walitafune kabla ya kitu kingine.

Akiiki_wa_Hoima
Hiyo ya nauli ndo sisi hapa. Shaba ilichimbwa Kilembe ikayeyushwa Jinja, kwa hiyo Jinja ikapata kiwanda na ajira za kiwanda na Kilembe ikapata shimo. Mafuta yetu tuliambiwa kiwanda cha kusafisha kitakuwa Kabaale, mapipa 60,000 kwa siku, watu walihamishwa kupisha hicho kiwanda miaka mingi iliyopita na mpaka leo ni mikataba juu ya mikataba. Bomba ndilo limetangulia.

Na kitu kingine mwalimu wafundishe wastani ni nini. Mafuta yakianza, watatuambia pato la kila Mganda limepanda. Kwenye karatasi na mimi nitakuwa nimepanda, hata kama sijapata kibarua cha kufagia.

Mhasibu_wa_Wilaya
@Akiiki kweli kabisa, na ndo maana UN tangu 1990 wakaanza kuongeza umri wa kuishi na miaka ya shule kwenye kipimo cha maendeleo, siyo hela tu. Ila hata hapo wastani ni wa nchi. Uganda tulifungua UPE, elimu ya msingi kwa wote, 1997 na USE ya sekondari 2007, idadi ya watoto shuleni ikapanda sana, sifa tukapata. Ukija darasani mwenyewe, P3 yaani darasa la tatu la msingi wako zaidi ya mia chini ya mwembe. Mwalimu anajua.

Alafu mfano wa karibu zaidi wa mgao, PDM, mpango wa serikali wa mikopo kupitia parishi. Ilizinduliwa 2022, kila parishi milioni 100 kwa mwaka, mtu anakopeshwa milioni moja. Inasikika sawa. Lakini parishi yangu moja ina vijiji vingi mno na nyingine unaimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa, zote milioni 100. Sawa kwa parishi siyo sawa kwa mtu. Hilo ni hesabu ya S1, wape watoto walifanye.

Kyaddondo_Halisi
Sawa nimewasikia, mmenizunguka kama nyuki. Lakini niwaulize na mimi. 2005 hiyohiyo walituletea serikali za mikoa kwenye katiba, kifungu cha 178, Mengo ikakataa kwa sababu haikuwa na mamlaka ya kweli, na mpaka leo haijaanza popote. Kwa hiyo mkisema federo haitoshi mimi nakubali, lakini bila mtu wa katikati mwenye nguvu, wilaya moja maskini ya Kasese itasimama vipi mbele ya kampuni ya mafuta au ya madini? Wilaya 130 ni rahisi kuzitawala moja moja. Mikoa saba au nane ingeungana ikasema hapana. Hilo hakuna aliyenijibu.

Mzee_wa_Bombo
Hilo nakupa kijana. Ni hoja. Mkubwa anapenda wadogo wengi.

Moda_Kitengo
Comenti tatu za matusi ya kabila nimezifuta. Anayetaka kutukana aende kwingine, hapa kuna watoto wa shule.

Mwalimu_wa_Mlimani
Moda asante. Wakubwa asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba, na Kyaddondo pamoja na ubishi wako hoja ya mwisho naipeleka darasani kama ilivyo kwa jina lako la humu.

Sitawaambia ndiyo wala hapana. Nitawapa maswali matatu kwa kila rasilimali. Nani anaikusanya hela, nani anaamua itumike wapi, na ndani ya hilo eneo lenyewe nani mdogo asiyesikika. Hilo la tatu ndo sikuwahi kuliona kwenye noti zozote na ndilo lililotuua sisi 1962. Alafu wajaze wenyewe kama federo ingebadilisha jibu la kwanza, la pili, au la tatu. Mimi nadhani ingeligusa la pili, la kwanza kidogo, na la tatu lingebaki vilevile au lingekuwa baya zaidi, lakini sitawaambia mpaka wamalize.

Nimewagawa makundi. La kwanza Kilembe, watakwenda kuangalia mabaki na mto, mzazi mmoja aliyefanya kazi mgodini amekubali kuwatembeza. La pili mbuga ya Queen Elizabeth, asilimia 20 ya kiingilio cha getini inatakiwa kurudi kwa jamii za jirani, wakaulize sabkaunti ilijenga nini na tembo wakila mahindi nani analipa. La tatu bajeti ya wilaya kama alivyosema Mhasibu. La nne saruji ya Hima.

Mhasibu_wa_Wilaya
La tatu waandikie barua ya shule yenye mhuri, wakienda mikono mitupu wataambiwa mhusika yuko semina.

Jr_Mkonzo256
Mwalimu sisi wa Katwe mbona hatumo? Chumvi si rasilimali?

Mwalimu_wa_Mlimani
Hujalala. Kundi la tano, chumvi ya Katwe, wewe ndiye kiongozi. Mkaulize viwanja vya chumvi vinarithiwaje, mabroka wanapata wapi bei, na ushuru wa kila lori unalipwa kwa nani. Ripoti kurasa nne, siyo picha za selfi ziwani.

Jr_Mkonzo256
Nne?? Mwalimu kundi la Hima wamepewa ngapi